Wanafunzi wangu wanaandika volkano inalipuka kwa sababu ya siki, nirudi tu kwenye notsi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mi ni mwalimu wa historia na jiografia, huu ni mwaka wangu wa nne kazini, nafundisha kidato cha kwanza mpaka cha tatu. Safu yako huwa naisoma kimya kimya ila leo imebidi niandike maana nimekwama na sina wa kumwambia, ofisini kwetu ukitoa jambo kama hili utachekwa wiki nzima.

Iko hivi. Nilivyotoka chuo nilitoka na moto, nikajiapiza sitakuwa yule mwalimu wa kuingia, kugeukia ubao, kuandika notsi mpaka kengele ilie, afu huyo katoka. Nilitaka watoto washike vitu. Muhula huu nikasema sasa basi, nafanya kweli. Tulipofika mada ya volkano nikawapa wiki mbili nzima watengeneze mlima, kila grupu na mlima wake, udongo, magazeti ya zamani, gundi, rangi nyekundu nikanunua mwenyewe kopo zima, siku ya mwisho tukatoka nje tukaweka ule unga wa soda wa kuumulia keki kwenye tundu la juu, tukamimina siki. Mwalimu, ile shangwe! Povu jekundu linashuka, watoto wanaruka, mpaka walimu wengine wakatoka madarasani kuja kuangalia. Siku hiyo nimerudi nyumbani najiona mwalimu haswa.

Wiki iliyofuata nikatoa testi. Swali la tatu: "Eleza kwa nini volkano hulipuka." Darasa lina watoto 58. Kati yao 19 wameandika, kila mtu kwa maneno yake, kwamba volkano hulipuka pale siki inapokutana na soda chini ya ardhi. 19! Mmoja kaenda mbali zaidi, kaandika "siki iliyoko kwenye kiini cha dunia". Nilicheka kwanza, baadae kicheko kikaisha chenyewe.

Na kwenye historia hali si nzuri pia. Mwaka jana tulijenga piramidi za maboksi, zilipendeza kwa kweli, ziko juu ya kabati mpaka leo zinakula vumbi, ila ukimuuliza mtoto aliyeijenga kwamba piramidi zilijengwaje anakwambia "kwa gundi".

Sasa mkuu wa shule kaniita. Kasema kelele zimezidi. Mwalimu wa taaluma nae kasema niko nyuma mada tatu na mtihani hausubiri mtu. Afu kuna mwenzangu wa somo hilohilo, yeye ni imla mwanzo mwisho, anasoma wao wanaandika, na darasa lake limelipita langu kwa wastani. Hilo ndo limeniuma kuliko yote.

Kinachonifanya nisite ni kijana mmoja anayekaa nyuma kabisa. Hajawahi kuvuka alama 20 kwenye kitu chochote cha kuandika. Ila zile siku za mlima yeye ndo alikuwa fundi, wenzake wote wanamuuliza yeye, alikuwa anajua udongo ukizidi maji unaporomoka, anaushika tu anakwambia huu bado au huu tayari. Kwenye testi kapata 11. Sasa najiuliza, huyu mtoto nimemsaidia au nimempotezea wiki mbili?

Na la mwisho, muhula ujao tuna biashara ya utumwa, nilikuwa nimepanga tuigize, nusu ya darasa wawe watumwa na nusu wawe wafanyabiashara, ili waione kwa hisia. Na hiyo niache?

Niambie ukweli hata kama unauma.

Mwalimu Aliyechoka

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na hao 19 maana naona ndo wanakunyima usingizi. Hao watoto hawajakufanyia dharau wala hawajalala darasani, wameandika walichokiona. Tunawafundisha kila siku angalia, afu eleza ulichokiona, nao wameangalia wakaona siki, soda, povu, mlipuko, wakaeleza. Darasa la mwenzako halikuandika siki kwa sababu halikuona siki. Tatizo ni kwamba wewe ulijua ile ni picha tu ya volkano, wao hukuwaambia, au uliwaambia siku ya kwanza kabisa ambapo kila mtu alikuwa anawaza rangi.

Halafu hebu zihesabu zile wiki mbili upya. Magazeti siku ngapi, gundi kukauka siku ngapi, rangi siku ngapi? Mikono ilikuwa bize na sura ya nje ya mlima, testi yako ikaja kuuliza kinachotokea ndani. Hakuna siku hata moja ambayo mkono wa mtoto uligusa lile swali la tatu. Mi nikiingia darasa la mtu nikakuta vitendo huwa najiuliza kitu kimoja tu, huyu mtoto hapa alipo anaamua nini? Kama anaamua apake nyekundu au ya chungwa, basi hicho ni kipindi cha sanaa, kizuri tu, ila kimekaa kwenye ratiba ya jiografia.

Sasa tuirudie hiyo volkano. Chukua chupa moja ya soda, hii ya kunywa, ya kawaida. Kabla hujaigusa waambie waandike kwenye daftari, kwa kalamu, mapovu yako wapi sasa hivi mbona hayaonekani? Waache wabishane. Halafu legeza kifuniko taratibu, wasikie ile tsss, waone mapovu yanazaliwa pale ambapo sekunde mbili zilizopita hapakuwa na kitu. Gesi ilikuwa imeyeyuka humo ndani kwa sababu ya shinikizo, shinikizo likipungua gesi inajitenga, inakuwa mapovu, mapovu yanapanda na yanabeba kimiminika. Na magma, yaani mwamba ulioyeyuka huko chini ya ardhi, ni hivohivo, huko chini imebeba mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi zikiwa zimeyeyuka ndani yake, ikipanda kuja juu uzito unaoibana unapungua, gesi inatoka. Dakika kumi tu umemaliza, na hakuna gazeti lililochanwa.

Hapo wengi tungeishia, ila mada hii ina utamu wake mbele. Kwa nini Hawaii lava inashuka polepole mpaka watu wanasimama kuipiga picha, wakati Mount St. Helens kule Marekani tarehe 18 Mei 1980 ulipasuka ubavuni, ukapoteza kama mita 400 za kilele chake na watu 57 wakafa? Chukua glasi mbili, moja maji, nyingine wanga uliokorogwa na maji moto ukawa mzito afu ukapoa kabisa (nasema ukapoa kabisa), na mirija miwili. Wapulize. Kwenye maji povu linatoka kistaarabu, kwenye wanga linagoma, linavimba, afu linapasuka na kumrukia mtu usoni. Kuna mmoja lazima atavuta badala ya kupuliza, muache tu, wanga hauna madhara. Magma yenye silika nyingi (madini yanayoifanya iwe nzito) ndo ule wanga, gesi inashindwa kutoka kwa amani. Na ukitaka kuwamaliza kabisa waambie kwamba asubuhi ile ya St. Helens tetemeko liliporomosha ubavu wa kaskazini wa mlima, ule uzito uliokuwa unaibana magma ukaondoka ghafla. Usiwaambie zaidi ya hapo, subiri. Kuna mtoto atasema "kifuniko!" na utajisikia vizuri kuliko siku ya siki.

Kengele ikikaribia, weka chaki chini uwaulize: hii modeli inadanganya wapi? Hilo swali ndo ulilolikosa. Kila modeli duniani inadanganya mahali, hata ile tufe ya dunia iliyoko ofisini kwenu ambayo milima yake ukiigusa unaisikia kwa kidole. Tufe ya kipenyo cha sentimita 30, Everest yenye mita 8,849 ingepaswa kuinuka kama milimita 0.2 hivi, yaani unene wa karatasi mbili tatu. Ingekuwa ya kweli usingesikia kitu. Basi waulize, chupa ya soda inadanganya wapi? Watasema haina joto, haina mwamba ulioyeyuka, sisi ndo tuliofungua kifuniko, nk nk, wanaandika. Ungewauliza hivyo siku ya siki, hao 19 wangeandika "modeli inadanganya kwa sababu chini ya ardhi hakuna siki" na saa hizi usingekuwa unaniandikia.

Hizo piramidi za kwenye kabati nazo ni ugonjwa uleule. Boksi halina swali ndani yake. Ile piramidi kubwa ya Khufu, farao wa Misri ya kale, inakadiriwa kuwa na mawe kama milioni 2.3, na ujenzi kwa kawaida unakadiriwa kama miaka 20. Wape hizo namba mbili tu na waambie wagawe. Mawe 315 hivi kwa siku, siku zote za mwaka, na wakifanya kazi saa kumi kwa siku ni jiwe moja kila dakika mbili. Waache wakae na hiyo dakika mbili kidogo. Ndo swali linazaliwa lenyewe, waliyavutaje?

Hapo sasa leta mchanga. Beseni moja mchanga mkavu, jingine mchanga uleule umenyunyiziwa maji kidogo, kibao chenye jiwe juu, kamba inapita ukingo wa meza na kwa chini inaning'iniza kikopo. Unatia kokoto moja moja kwenye kikopo mpaka kibao kisogee, unahesabu. Kwenye mchanga mkavu kibao kinajikusanyia kilima mbele yake, kinakwama. Kwenye ule wa majimaji kinateleza. Ukizidisha maji kinakwama tena, na hilo waache waligundue wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walilipima jambo hili 2014 wakakuta maji ya kiasi sahihi yanapunguza nguvu ya kuvuta kama nusu hivi. Na hapa ndo tunaingia historia yenyewe: kwenye kaburi la mtu wa Misri ya kale aliyeitwa Djehutihotep kuna mchoro wa sanamu kubwa inavutwa juu ya sileji (chombo cha kuburuta kisicho na magurudumu), na kwenye ncha ya mbele ya sileji amesimama mtu anamimina maji. Kuna wataalamu waliosema yale maji ni ibada. Toa fotokopi ya ule mchoro BAADA ya mchanga, sio kabla, uone watoto watakavyougombania. Afu waulize, mchoro huu unathibitisha kwamba piramidi ya Khufu ilijengwa hivi? Hapana, Djehutihotep ni wa karne nyingi baada ya Khufu na kinachovutwa pale ni sanamu. Mtoto akiweza kuyasema hayo mawili amefanya kazi ya mwanahistoria, ile ya kujua ushahidi unafika wapi na unaishia wapi. Hapo gundi haina nafasi.

Sasa hiyo ya utumwa. Hapana. Usifanye. Najua nia yako ni njema ila hapa nakuwa mkali kidogo. Mtoto anayeigiza mtumwa dakika 40 huku anajua kengele italia hapati hisia ya utumwa, anapata hisia ya mchezo, au mbaya zaidi anapata aibu mbele ya wenzake, na yule anayeigiza bwana anaweza akaifurahia kazi yake. 1967 kule California mwalimu mmoja wa historia alitaka kuwaonesha wanafunzi wake jinsi Wajerumani wa kawaida walivyowafuata Wanazi, akaanzisha kikundi darasani, kukaa wima, salamu ya mkono, kauli mbiu, na ndani ya siku chache kikundi kikavuka mlango wa darasa lake na watoto wakaanza kuripotiana, ikabidi akizime mwenyewe wiki ileile. Na yule alikuwa mwalimu mzuri.

Fanya hivi badala yake. 1788 watu waliokuwa wanapinga biashara ya utumwa Uingereza walichapisha mchoro wa meli inaitwa Brookes, ukionesha watu walivyopangwa chini, na idadi inayotajwa kwa meli hiyo ni watu 454. Mwanaume mzima alitengewa futi 6 kwa futi 1 na inchi 4, yaani sentimita 183 kwa 41 hivi. Wape rula na chaki, kila grupu wachore mstatili huo sakafuni, uleule, kwa vipimo kamili. Usimlaze mtu ndani yake. Uache wazi. Wazunguke wauangalie wakiwa wamesimama, afu wachore wa pili umegusana na wa kwanza, na wa tatu, mpaka sakafu iishe. Mi nimeshafanya hivyo, darasa la watoto wagomvi kabisa, na ilipofika mstatili wa sita hakuna aliyekuwa anacheka, tena sikuwa nimesema neno.

Usiishie kwenye ukimya huo lakini, maana ukimya peke yake haujawa historia. Toa mchoro wenyewe uulize: nani kauchora huu, na alitaka nani auone? Waliouchora walikuwa na ajenda, ajenda njema, ila ajenda. Je wamezidisha? Hapo ndo unawaambia kwamba ile 454 ni idadi iliyoruhusiwa na sheria mpya ya mwaka huohuo 1788 iliyopunguza msongamano, na kwamba kabla ya sheria hiyo meli hiyohiyo ilishabeba watu zaidi ya 600. Waache warudi wenyewe kwenye chaki yao waangalie hao 150 wa ziada wangekaa wapi.

Naona nimeenda mbio na bado hujasikia habari za mkuu wa shule.

Mwalimu wa taaluma yuko sahihi, uko nyuma. Ila umechelewa kwa ajili ya gundi kukauka, sio kwa ajili ya vitendo. Vyote nilivyokutajia hapa vinaenea kwenye kipindi kimoja, sana sana viwili mfululizo. Mi huwa nafanya dakika tano za kutabiri kwa maandishi, robo saa ya kufanya, na zote zinazobaki ni maneno, waseme, waandike, wachore na kuweka majina. Ukiona unakosa muda kata kufanya, usikate maneno. Na sio kila mada. Mada ya orodha wape notsi bila aibu yoyote, wala usijisikie umesaliti kile kiapo chako cha chuo. Vitu viwili vitatu vikubwa kwa muhula vinatosha, vingine viwe vidogo vya dakika kumi. Kwa mfano ukianza mada ya vyanzo vya historia, panga na mwalimu mwenzako aingie ghafla katikati ya kipindi, akuulize jambo, achukue kiti kimoja, atoke. Hamna ugomvi wala kutishana, aingie na kutoka tu. Dakika tano baadae kila mtoto aandike bila kuangalia kwa jirani: alisema nini, alishika mkono gani, alivaa nini. Soma karatasi sita kwa sauti. Utapata mashati matatu ya rangi tofauti juu ya mtu mmoja, na kuanzia hapo ukiwaambia vyanzo hupingana watakuelewa mpaka wanamaliza shule.

Mwenzako wa imla usimchukie, ana kitu ambacho wewe hukuwa nacho muhula huu, watoto wake wana maneno. Wako walikuwa na povu. Muombe akuazime notsi zake, wape wanafunzi wako baada ya chupa ya soda, uwaambie watafute sentensi ambayo wameiona kwa macho. Afu siku moja mtungeni swali pamoja, swali ambalo halimo kwenye notsi, mfano wapeni picha ya mlima wasioujua, miteremko yake imelala sana, waseme lava yake ni nzito au nyepesi na kwa nini. Nyote wawili mtajifunza kitu hapo, na sijasema nani atashinda.

Kuhusu kelele, kelele zipo, watoto 58 wakishika kitu hawawezi kuwa kanisani. Zigawe. Nusu ya darasa wako kwenye beseni, nusu wako na ramani kimya, baada ya robo saa wanabadilishana, kwa hiyo unahitaji mabeseni matano au sita badala ya kumi na kitu. Na mkuu wa shule mkaribishe siku mnayofanya kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mpe kijiti mkononi achore mstari yeye mwenyewe. Sijawahi kuona mkuu akilalamikia kelele alizoshiriki.

Hiyo ya kontua ndo nataka umpe yule kijana wako wa nyuma, na nakueleza kirefu kwa sababu nadhani hujajua ulikuwa na nani darasani. Mtoto aliyekwambia udongo ukizidi maji unaporomoka, na anaujua kwa kuushika, huyo amekueleza maporomoko ya ardhi, mada nzima ya silabasi, maji yakijaa kati ya chembe za udongo zinaacha kushikana na mteremko unaondoka. Umekaa na mtaalamu wiki mbili, ukaishia kumpa brashi!

Basi mpe beseni. Udongo wa mfinyanzi, mlima wa kimo cha sentimita 6 au 7, upande mmoja mkali, upande wa pili umelala, na kutoka juu kushuka chini abonyeze bonde kwa kidole gumba. Rula isimame wima ndani ya beseni. Yeye ndo aamue udongo uwe mgumu kiasi gani, maana ukiwa laini maji yataubomoa, na hakuna mwingine humo ndani anayejua hilo, wewe ukiwemo. Kabla maji hayajaingia waulize wote, mistari ya kontua ikifika kwenye lile bonde la kidole itajikunja kuelekea juu ya mlima au chini? Waandike. Wengi wataandika chini, kwa sababu mto unashuka. Mimina maji mpaka sentimita 1, kwa kijiti wachore pale maji yanapogusa udongo, kuzunguka mlima wote. Sentimita 2, tena. 3, tena. Wataona kwa macho yao maji yanaingia ndani ya lile bonde yanapanda nalo kuelekea juu, ncha ya mkunjo inaelekeza mto unakotoka. Mwaga maji taratibu, simameni juu ya beseni mwangalie moja kwa moja chini, upande mkali mistari imebanana, upande uliolala imeachana. Mchoreni. Afu bila hata kupumua fungueni ramani ya 1:50,000, ile ambayo sentimita 2 ni kilomita 1, watafute mto na wakague mikunjo. Na mwisho lile swali letu, inadanganya wapi? Kontua za mita 20 kwenye skeli hiyo zingepishana kwa kimo cha milimita 0.4 tu, nyie mmepishanisha kwa sentimita nzima, kwa hiyo huo mlima wenu ni mkali kuliko ungekuwa mara 25. Waikokotoe wenyewe.

Ile 11 yake ni alama ya kuandika. Kwa mdomo ulimpima lini? Mwanzo asimame aeleze beseni lake, mwenzake aandike maneno yake vilevile alivyoyasema, yeye ayanakili kwenye daftari lake, ni maneno yake hayo, hajaibia mtu. Wiki inayofuata achore na kuweka majina. Ya tatu yake aandike sentensi tatu peke yake. Sikuahidi 80, ila nakwambia 11 itasogea, na usiisubiri kwenye testi, isikilize.

Na kwa hao 19, usiwape marudio. Warudishie karatasi zao swali la tatu likiwa halina alama yoyote ya kalamu yako, fungua chupa ya soda mbele yao, afu wape kalamu za rangi wajisahihishe wenyewe. Huyo wa siki kwenye kiini cha dunia naomba unitumie alichoandika mara ya pili.

Lile kopo la rangi nyekundu kama bado lina kitu chini usilitupe. Matone mawili kwenye maji ya beseni, na mstari unaonekana mpaka kwa aliyesimama nyuma kabisa.